Mabomba 480 majarubani: shajara ya kuwasha vihisi Lower Moshi

Jumatatu, 13 Januari

Maboksi yamefika yote 24. Kila boksi lina vihisi 20, na chumba cha nyuma cha ofisi tuliyopanga hapa Chekereni hakina tena pa kukanyaga. Naanza kuandika leo ili siku nikiulizwa kilitukwamisha nini, na lini, nisijibu kwa kukuna kichwa.

Kazi yenyewe kwa kifupi. Skimu ya umwagiliaji wa mpunga ya Lower Moshi, mkoani Kilimanjaro, ilijengwa kwa msaada wa Japani na kukamilika 1987. Majaruba yake yamepimwa kwa kamba: mita 100 kwa 30, hekta 0.3 kila moja. Maji ni ya mto Njoro na mto Rau, na wakulima ni wengi kuliko maji. Ugomvi wa nani kafungulia mfereji usiku niliukuta, na sina ndoto ya kuumaliza. Tunachojaribu ni ile njia ya kulowesha na kukausha kwa zamu, iliyoenezwa na IRRI, taasisi ya utafiti wa mpunga iliyoko Ufilipino. Unachimbia bomba lenye matundu jarubani, unaacha maji yashuke mpaka sentimita 15 chini ya uso wa udongo, ndipo unafungulia tena. Mpunga ukifika kwenye kuchanua, unarudisha maji sentimita 5 juu ya udongo na huyaachii yakauke mpaka kipindi hicho kipite.

Mkulima anaweza kupima hayo kwa kijiti na macho yake. Sisi tunataka mgawa maji ayaone majaruba yote kwenye simu kabla hajapanda baiskeli. Kwa hiyo juu ya kila bomba kunakaa kihisi cha mwangwi: kinapiga sauti isiyosikika na sikio, sauti inagonga maji na kurudi, muda wa safari unageuzwa kuwa sentimita. Namba hiyo inatumwa kila saa kwa redio ya LoRa hadi kwenye getiwei, kisanduku kinachosikiliza vihisi vyote na kupitisha habari kwenye intaneti. Kwa majaruba tuna getiwei mbili, moja juu ya tangi la maji na nyingine kwenye nguzo karibu na ghala. Seva, kompyuta inayopokea namba hizo, inaendeshwa na ChirpStack, programu ya kusimamia mitandao ya aina hii.

Jaruba moja tukilifunga tunajua tunachofanya. Hayo 480 ndiyo mtihani.

Jumanne, 14 Januari

Tumefunga 12 vya majaribio, nikiwa na saa mkononi. Kufungua mfuniko kwa bisibisi, kuchomeka betri, kuchomeka kebo ya laptop, kuandika ufunguo wa siri wa kifaa, kusubiri kijiunge na mtandao, kunakili namba yake kwenye daftari, kufunga mfuniko, kukaza skrubu nne. Wastani dakika 11 kwa kifaa, bila kuhesabu kutembea kwenye matuta wala kuchimbia bomba.

Dakika 11 mara 480 ni saa 88.

Na saa hizo 88 si za ofisini. Leo mwenzangu mmoja alisimama kwenye tope la kufika magotini akiwa ameikumbatia laptop kifuani kama sinia la vitumbua, mwingine akimshikia mwavuli ili kioo kionekane juani, mimi nikiandika. Skrubu moja ikianguka kwenye tope la mbuga, muage. Leo tumeaga tatu.

Nimeamua: kitu chochote kinachoweza kufanyika mezani hakitafanyika jarubani. Jarubani tubaki na mikono miwili, simu moja na kipande cha sumaku. Vihisi hivi vina swichi ya ndani inayoamshwa na sumaku bila kufungua mfuniko. Muuzaji aliitaja kwenye ukurasa wa mwisho wa mwongozo, kama mtu anayeona aibu nayo.

Alhamisi, 16 Januari

Siku nzima imeliwa na jedwali la Excel.

Kila kifaa kina namba ya utambulisho ya tarakimu 16, zenye namba na herufi kutoka A hadi F, na ufunguo wa tarakimu 32. Muuzaji alitutumia orodha ya vifaa vyote 480. Kuna mtu upande wao aliifungua kwenye Excel na kuihifadhi tena. Excel ikiona namba ndefu isiyo na herufi huichukulia kuwa hesabu: inakata sifuri za mwanzo, na baada ya tarakimu ya 15 inaweka sifuri zake yenyewe. Ikikuta herufi E moja katikati ya namba, inadhani ni kipeo. Namba za vifaa 31 zimegeuka kuwa vitu kama 7.1E+15, na hakuna njia ya kuzirudisha kutoka kwenye jedwali hilo.

Muuzaji kajibu kwa upole kwamba faili kwao linafunguka vizuri. Ndiyo, linafunguka vizuri, ndilo tatizo. Nimeomba orodha upya kama maandishi matupu, na wakati tunasubiri tumeanza kusoma stika za QR zilizobandikwa kwenye vifaa vyenyewe. Kumbe huko ndiko tungeanzia. Stika ndiyo inayosafiri na kifaa. Jedwali linasafiri na watu.

Ijumaa, 17 Januari

Mambo mawili madogo.

Betri za lithiamu za volti 3.6 tulizonazo zikikaa muda mrefu stoo hujijengea ngozi ndani, juu ya lithiamu. Ngozi hiyo ndiyo inayozifanya zidumu miaka bila kupoteza chaji, lakini siku ya kwanza kifaa kikitaka kurusha redio kwa nguvu, volti inaporomoka na kifaa kinazima. Tumeliona hilo kwenye vitano. Ukikilazimisha kirushe mara kadhaa, ngozi inavunjika na kinakaa sawa. Sababu nyingine ya kufanya kazi mezani: kifaa kizimie mbele yangu, kisizimie jarubani nikiwa nimeshaondoka.

La pili: tulibeba boksi moja la vifaa kwenye pikapu pamoja na mfuko wa sumaku. Tulipofika, taa zote 20 zilikuwa zinamweka. Vimeamka njiani na vimekuwa vikitafuta mtandao tangu barabarani. Sumaku sasa zinapanda mbele, na dereva.

Jumatano, 22 Januari

Usiku umeme ulikatika. Asubuhi ukarudi, na nikaona kitu ambacho nilikuwa nimekisoma tu.

Juzi tulipanga vifaa 120 kwenye rafu na kuvipa umeme wa ukutani kupitia adapta, ili tuvijaribu siku kadhaa bila kula betri. Umeme uliporudi, vyote 120 viliwaka sekunde ileile. Getiwei ya ofisini nayo ikawaka, ikachukua dakika mbili kujipanga. Nikakaa mbele ya skrini na chai yangu, nikitegemea kuona majina yakijipanga moja moja. Dakika tano, hakuna. Dakika kumi, kimoja. Baada ya saa nzima vilikuwa vimejiunga vifaa tisa.

Vifaa 111 vipo mita tatu kutoka kwenye getiwei, vinapiga kelele, na havisikiki.

Alhamisi, 23 Januari

Nimelala vibaya lakini nimeelewa. Nitaandika kwa urefu kidogo, kwa sababu hapa ndipo mtandao mkubwa unapoachana na mdogo.

Kifaa kigeni lazima kibishe hodi kwanza. Hodi ya LoRaWAN, kanuni ambazo vifaa vya LoRa hufuata kwenye mtandao, ni pakiti (kifurushi cha data) ya baiti 23. Kwa kasi ya haraka kabisa, SF7, inakaa hewani milisekunde 62 hivi. Kwa SF10, ambayo inafika mbali zaidi na ndiyo programu yetu inayoanzia, inakaa milisekunde 371. Hodi haibishwi popote: mpango wa masafa wa Ulaya una chaneli 3 za kuanzia, huu wa AS923 tunaoutumia una 2. Hapo ni milango miwili, na kila anayebisha anauziba kwa zaidi ya theluthi ya sekunde.

Hakuna anayepanga foleni. Kifaa kinaongea kinapotaka, kama ilivyokuwa kwenye mtandao wa ALOHA wa Chuo Kikuu cha Hawaii, aliouongoza Norman Abramson na ulioanza kazi 1971. Hesabu ya mtindo huo inajulikana: hata ukibahatika vipi, muda unaotumika kwa mafanikio hauzidi asilimia 18.4 ya muda wote wa chaneli. Ukiongeza wabisha hodi kupita hapo hupati zaidi, unapata pungufu.

Halafu kuna jibu. Getiwei ikimkubali mgeni inampelekea ruhusa sekunde 5 baada ya hodi, au sekunde 6 ikishindwa mara ya kwanza. Jibu hilo kwa SF10 linakaribia nusu sekunde. Na getiwei haiwezi kusema na kusikia kwa wakati mmoja: inapomjibu mmoja, inakuwa kiziwi kwa wote, kwenye chaneli zote. Mgeni anapokaribishwa, wenzake waliobisha wakati huo wamebisha ukuta.

Lakini hayo yote hayaelezi tisa kwa saa. Kwa hesabu hiyo tungepata mamia. Mchana ndipo nikafungua programu ya ndani ya kifaa na kukuta aibu yetu wenyewe. Kabla ya kubisha, kifaa kinasubiri sekunde kadhaa za nasibu ili visigongane. Namba za nasibu za kompyuta ndogo kama hii hutengenezwa kwa hesabu inayoanza na namba moja ya kwanza, ambayo waandishi wa programu huiita mbegu. Mbegu yetu ilikuwa sifuri. Kwenye vifaa vyote. Kwa hiyo vyote 120 vilisubiri sekunde 37 kwa utulivu mkubwa, vikachagua chaneli ileile, vikabisha kwa pamoja. Kisha vikachagua tena "bahati nasibu" ileile. Tulichezesha bahati nasibu ya tiketi moja, watu 120 wakaishika.

Vile tisa vilipita kwa sababu redio ya LoRa huweza kuinasa sauti moja ikiwa imezizidi nyingine nguvu. Ni vile vilivyokuwa rafu ya juu, upande wa dirisha.

Nimebadilisha: mbegu sasa inatoka kwenye namba ya utambulisho ya kifaa, ikichanganywa na kelele za redio zinazopimwa kifaa kinapowaka. Na subira ya kwanza baada ya umeme kurudi si sekunde, ni ndani ya saa mbili nzima. Vifaa 480 kwenye saa mbili ni kimoja kila sekunde 15. Mlango unapumua.

Kuna la kuogopa zaidi. Kanuni za LoRaWAN zinakibana kifaa kinachobisha: sekunde 36 hewani katika saa ya kwanza, sekunde 36 nyingine kwa saa 10 zinazofuata, baada ya hapo sekunde 8.7 tu kwa kila saa 24. Kwa hodi ya SF10 hiyo ni kama hodi 97 mwanzo, halafu 97 mpaka jioni, halafu 23 kwa siku. Kanuni ni nzuri, inalinda hewa ya wote. Ila kifaa kilichomaliza hodi zake kwenye fujo kinageuka kuwa bubu, na ukikiangalia jarubani utadhani kimekufa.

Jumamosi, 25 Januari

Tumevipakia vifaa 120 programu mpya, kebo kwa kebo. Vikawaka, vikabisha kwa nafasi, nikatabasamu, seva ikavikataa vyote.

Kila hodi inabeba namba ya mfululizo isiyoruhusiwa kurudi nyuma, ili mwizi aliyerekodi hodi ya jana asiitumie leo. Kupakia programu upya kulifuta kumbukumbu yote ya kifaa, pamoja na namba hiyo. Vifaa vikaanza tena na 0, na seva, inayokumbuka, ikaona wezi 120. Haikukosea.

ChirpStack ina pa kufuta kumbukumbu hizo kwa kifaa kimoja kimoja, kwa hiyo kijana wetu wa mafunzo ameandika programu fupi ya kuzifuta zote 120 kwa mkupuo. Na kebo sasa inapakia eneo la programu tu, haigusi eneo la kumbukumbu.

Jumatatu, 27 Januari

Meza ya kuandikisha imeanza kazi. Ni meza mbili za plastiki zilizounganishwa, watu wanne.

Wa kwanza anafungua boksi, anachomeka betri, anapitisha sumaku. Wa pili anasoma QR kwa simu, na seva inapokea utambulisho na ufunguo bila mtu kuandika herufi hata moja. Wa tatu anasubiri kifaa kijiunge hapo hapo kwa SF7, anahakikisha kimetuma kipimo kimoja cha kweli kwa kukielekeza kwenye beseni la maji lenye kina tunachokijua. Wa nne anaandika tarakimu nne za mwisho juu ya mfuniko kwa kalamu ya rangi nyeupe, herufi za ukubwa wa kidole gumba, kwa sababu stika ikipata tope wiki moja haisomeki tena na yeyote. Kisha kifaa kinalazwa usingizi kikiwa tayari ni mwanachama wa mtandao: funguo za kikao na hesabu za pakiti zimehifadhiwa ndani. Jarubani kitaamshwa tu, hakitabisha hodi.

Tumeandikisha 140 kufikia saa 10 jioni. Beseni ndiyo kifaa bora kuliko vyote humu ndani. Limekamata vihisi vinne vinavyosema uongo.

Ijumaa, 31 Januari

Vifaa 40 vya kwanza vilifungwa Jumanne upande wa Mabogini. Vikaamka, taa ya kijani ikawaka, tukapiga picha, tukaondoka tukicheka. Mpaka leo vinavyosikika ni 11.

Jumatano nilibadilisha antena. Alhamisi nikapanda kwenye tangi nikakaza nati. Wakulima wameanza kutupa pole kwa sauti ile ya kumpa pole mtu aliyejitakia. Mama mmoja aliniita kutoka ng'ambo ya mfereji: "Baba, hivi vibomba vyenu vimekufa au vimesusa?"

Vimesusa, mama. Jibu nimelipata leo. Mtandao wa LoRaWAN una utaratibu wa kukiambia kifaa kilicho karibu kipunguze nguvu ya kurusha na kutumia kasi ya haraka, ili kisile betri bure. Mezani vifaa vilikuwa mita tatu kutoka kwenye getiwei. Seva, kwa wema wake, ikaviambia: nyie ongeeni kwa kunong'ona. Tukavibeba kilomita mbili, vikaendelea kunong'ona.

Kifaa chenyewe hugundua kwamba hakisikiki, lakini taratibu: kinatuma pakiti 64 bila kuona jibu, kinaanza kuomba jibu, kinangoja pakiti 32 nyingine, ndipo kinapandisha sauti hatua moja. Sisi tunatuma mara moja kwa saa. Pakiti 96 ni saa 96, siku nne kamili, kwa hatua ya kwanza tu.

Tiba ni mistari miwili ya programu: kifaa kinapoamshwa kwa sumaku jarubani, kinasahau mnong'ono wa mezani, kinarudi SF10 na nguvu zote, seva ikipunguze upya kwa jinsi inavyokisikia kutoka hapo kilipo. Vile 29 vilivyobaki nimeamua tusivisubiri. Kesho tunarudi na kuvipitishia sumaku mara ya pili, vianze upya.

Jumatatu, 3 Februari

Leo si redio, ni majina.

Simu yetu inaandika mahali pa kila bomba kwa GPS. Ikikosea mita tano si neno, jaruba lina upana wa mita 30. Lakini tulipomwonyesha mzee mgawa maji ramani yenye vitone 69, akaitazama muda mrefu, akaniuliza: "Kijana, la Mama Mkubwa liko wapi hapa?"

Nikamwonyesha namba ya kitalu. Akatikisa kichwa. Yeye hafungui maji kwa namba. Anafungua kwa mlango wa mfereji, na kila mlango unalisha majaruba kadhaa kwa mfululizo: la juu linajaa kwanza, linamwagia la chini yake. Bomba la chini likisema pakavu, kosa linaweza kuwa jaruba tatu juu. Ramani yetu ilijua kila bomba liko wapi duniani na haikujua maji yanafika vipi hapo.

Tumekaa naye chini ya mwarobaini kuanzia saa 3 mpaka adhuhuri. Ametupa mpangilio wa milango yote ya upande wa Mabogini kwa kichwa, na jinsi wenyewe wanavyoyaita majaruba. Tumeongeza sehemu mbili kwenye fomu ya simu: mlango, na nafasi katika mfululizo. Pia tumehamisha mabomba 14 ambayo kwenye ramani yalionekana yamesambaa vizuri na kumbe saba yalikuwa yanapima maji yaleyale.

Kwa ushauri wangu, mwenye kupanga mtandao wa aina hii amtafute mgawa maji kabla hajanunua kihisi cha kwanza. Mimi nilimtafuta wiki ya nne.

Alhamisi, 6 Februari

Wastani wa leo: dakika 3 na nusu kwa bomba, pamoja na picha. Vikundi viwili, mabomba 96. Sumaku, sekunde tatu, taa ya njano. Kijani ikiwaka, pakiti imefika na simu imetetema mfukoni. Hakuna aliyebeba laptop.

Jumatano, 12 Februari

Mpunga wa upande wa Rau ulipandikizwa mapema na sasa umefika kiunoni. Mabomba ya huko, yaliyosikika safi mwanzoni, yanadhoofika. Majani mabichi yaliyolowa umande hunyonya mawimbi ya redio, na antena zetu fupi zimezama ndani yake. Tulipima masafa wakati jaruba ni tope tupu, tukafurahia namba za uongo.

Tunahamisha antena juu ya vijiti vya mwanzi, juu ya kimo ambacho masuke yatafika. Nilikuwa na wasiwasi wa kwelea kuvigeuza vituo. Mzee kasema kwelea hawana shida na vijiti, shida yao ni mpunga.

Kwa kila bomba dakika 4 za ziada. Tungejua, tungefunga kijiti siku ya kwanza.

Alhamisi, 20 Februari

Yote 480 yameshafungwa tangu juzi. Yanayosikika leo ni 471. Sita yamekufa kwelikweli, mawili yamekanyagwa na pawatila, moja halionekani na hakuna anayejua lolote, kama kawaida.

Usiku wa kuamkia leo umeme ulikatika tena, kuanzia saa 6 hadi saa 11 alfajiri, getiwei zote mbili zikiwa gizani kwa sababu betri za akiba bado hazijafika. Nilikaa macho nikisubiri fujo ya mwezi uliopita ijirudie mara nne.

Haikutokea, na ni kwa sababu tumekifundisha kifaa kutokuwa na haraka. Kisipojibiwa hakitupi uanachama wake na kukimbilia kubisha hodi. Kinaendelea kutuma kila saa kama mtu anayesalimia hata asipoitikiwa. Dakika yake ya kutuma imetokana na namba yake ya utambulisho, kwa hiyo 480 wametawanyika ndani ya saa nzima, kimoja kila sekunde 7 na nusu kwa wastani. Getiwei zilipowaka, vitone vya kijani vikaanza kurudi kwenye ramani kimoja kimoja, bila mpangilio, kama taa za nyumba watu wakiamka. Saa 12 na dakika 5 vilikuwa vimerudi 468. Nikaenda kulala.

Jumanne, 25 Februari

Mzee mgawa maji kapiga simu saa 1 asubuhi, baada ya salamu ndefu na habari za nyumbani.

"Kijana, kile cha tisa-C-nne-saba kinasema jaruba lina maji sentimita sita. Mimi nimesimama ndani yake. Pakavu, pamepasuka, nakanyaga na viatu vya kanisani."

Tukaenda. Kihisi kizima, beseni lilikipitisha, betri 3.6. Nikafungua mfuniko. Chini kabisa ndani ya bomba, kwenye unyevu wa mwisho uliobaki jaruba zima, walikuwa wamekaa vyura wanne, mmoja juu ya mwingine. Yule wa juu ndiye aliyekuwa anarudisha mwangwi.

Nimerudi ofisini na kuchuja ramani: mabomba yenye maji yasiyoshuka hata milimita kwa siku tatu wakati majirani zake wanakauka. Yako 38. Kadiri majaruba yanavyokauka, vyura watatafuta penye baridi, na sisi tumewachimbia mashimo 480 yenye paa.

Dawa ni wavu wa plastiki, ule wa dirishani, kuzunguka matundu na kuziba chini, ukifungwa kwa waya. Nimejaribu kwenye bomba moja nikiwa na saa mkononi: kung'oa, kufunga, kurudisha, kukandamiza udongo. Dakika 6. Mwenzangu ameshatoa simu na kuanza kupiga hesabu. Saa 48. Kesho tunaanza na yale 38, na mzee amesema atakuja na wajukuu zake wawili, wao wanawajua vyura.